Kwa Nini Mzee Anasimama Njiani

Baba yangu mkubwa alisifika kwa salamu. Kutoka nyumbani kwake, kwenye vilima vilivyo nje kidogo ya mji wa Tarime, hadi barabara ya lami iendayo Sirari ni mwendo wa dakika 20 kwa kijana. Yeye alitumia karibu saa nzima. Kila baada ya kipande kifupi alisimama, akaegemea fimbo yake, akamwita aliyekuwa shambani: mmeamkaje, ng'ombe wamelalaje, yule mgonjwa wenu anaendeleaje? Watu walimpenda kwa hilo. Walisema huyu ndiye mzee wa kizamani, hampiti mtu bila kumjulia hali. Ilipita karibu miaka 2 kabla hatujaelewa kwamba hakuwa akisimama ili asalimie. Alikuwa akisalimia kwa kuwa alikuwa amelazimika kusimama.

Aliyegundua ni mjukuu wake wa darasa la 6, ambaye ndiye aliyekuwa akimsindikiza. "Babu anasimama kwenye nguzo ya tatu," alituambia. "Kila siku. Hata kama hakuna mtu wa kumsalimu." Alimaanisha nguzo za umeme. Nguzo ya tatu, mapumziko ya dakika 2 au 3. Nguzo ya sita, mapumziko tena. Ya tisa, tena. Tulipombana mzee alikiri: kigimbi cha mguu wa kulia kinabana kama kimekazwa kamba, anasimama, kamba inalegea yenyewe, anaendelea. Akiwa ameketi hasikii lolote. Alikuwa ameshapaka dawa za kuchua za kila namna, ameshachomwa sindano za baridi yabisi, na kila alikokwenda aliambiwa ni uzee. Hakuna aliyemwambia avue viatu.

Makala haya nayaandika kwa ajili ya kitendo hicho kimoja, cha kuvua viatu.

Maumivu ya uzee hayana ratiba. Goti lililochakaa huuma asubuhi ukiinuka, huuma ukipanda mlima, siku nyingine halisumbui kabisa, mvua ikikaribia linaanza upya. Mgongo unaobana neva hupata nafuu mtu akiinama au akiketi; kusimama tu wima hakumsaidii. Lakini maumivu yanayokuja kwa umbali uleule na kuondoka kwa dakika zilezile, mwenyewe akiwa bado amesimama, yana maana nyingine. Msuli unadai damu na hauipati ya kutosha.

Yeyote aliyechota maji kwenye mtandao wa kijiji wenye mabomba yaliyoshika kutu anaweza kulielewa jambo hili bila kwenda chuo. Alfajiri, ndoo moja ikiwa chini ya koki moja, maji yanatosha. Jua likichomoza na koki zote zikifunguliwa kwa pamoja, kinachotoka ni uzi. Bomba ni lilelile la alfajiri. Kilichobadilika ni mahitaji. Msuli uliopumzika hutumia damu kidogo, na hata ateri iliyosinyaa, yaani mshipa unaotoa damu moyoni, huweza kuutosheleza. Uanze kupanda kilima, msuli uleule hudai mara nyingi zaidi ya hapo, na hapo ndipo kutu inapojulikana. Daktari mmoja Mfaransa, Jean Poiseuille, aliwahi kupima kwa makini namna maji yanavyopita katika vineli vyembamba vya kioo, na kwenye miaka ya 1840 akachapisha kanuni ambayo hadi leo hutisha ukiitafakari: upana wa bomba ukipungua nusu, kinachopita kwa msukumo uleule hakipungui nusu, bali hushuka hadi sehemu 1 ya 16. Mwili wa binadamu una hila zake za kujiokoa, lakini hesabu hiyo inaeleza kwa nini mtu huishi miaka mingi na mshipa unaosinyaa bila kujua, kisha katika msimu mmoja tu akajikuta hafiki sokoni.

Kutu yenyewe si uchafu unaoelea kwenye damu na kunasa, kama wengi wanavyodhani. Ni ukuta wa ateri unaonenepa kwa ndani. Mafuta ya lehemu hupenya chini ya utando laini wa mshipa, seli za kinga huyafuata na kufia humo, kovu hujengeka juu yake, na mwishoni chokaa huingia na kuugandisha ukuta. Ni kazi ya miaka 20 au 30, isiyouma hata siku moja.

Walioanza kuliandika jambo hili waliliona kwanza kwa mnyama. Mwaka 1831 daktari wa mifugo wa Ufaransa, Jean-François Bouley, alieleza habari za farasi jike wa kukokota gari. Akifanya kazi kidogo alichechemea, akipumzishwa alitembea vizuri, akirudishwa kazini alichechemea tena. Alipopasuliwa baada ya kufa, mishipa mikuu ya mapaja ilikutwa imeziba. Mwaka 1858, mjini Paris, Jean-Martin Charcot, aliyekuja kuwa mmoja wa madaktari mashuhuri wa karne yake, alimwona binadamu mwenye kuchechemea kwa namna hiyohiyo, akakumbuka yaliyoandikwa kuhusu farasi. Nadhani Mkurya wa huku kwetu Tarime anayelima kwa plau angemwelewa Bouley haraka kuliko madaktari wengi wa Paris. Mwenye maksai huhesabu ni mistari mingapi dume wake anamaliza kabla hajaanza kuburuta mguu. Ng'ombe tunawahesabia, baba zetu hatuwahesabii.

Wajerumani wana jina lao la ugonjwa huu: ugonjwa wa madirisha ya maduka, kwa sababu wagonjwa wa mjini husimama mbele ya vioo wakijifanya wanatazama bidhaa mpaka maumivu yapite. Kwetu vijijini hakuna madirisha ya maduka. Tuna salamu.

Muuguzi aliyempokea baba mkubwa hatimaye alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya chini. "Shikamoo baba. Naomba nikuvue viatu."

"Marahaba, binti yangu. Miguu ya mzee ina nini cha kutazama?"

"Ina mengi, baba."

Alimvua katambuga zake, akaiweka miguu yote miwili juu ya kitambaa, sambamba, akakaa kimya akiitazama. Nami nikaona kile ambacho nilikuwa nimekipita kwa miaka. Mguu wa kushoto ulikuwa mguu wa mkulima, wenye nyufa kisiginoni na vinyweleo kwenye muundi. Wa kulia ulikuwa na ngozi nyembamba inayong'aa kama iliyopakwa mafuta, bila unywele hata mmoja kuanzia nusu ya muundi kwenda chini. Kigimbi kilikuwa kimepungua. Kucha zilikuwa nene na za manjano. Kati ya kidole cha nne na cha tano palikuwa na kidonda kidogo kama punje ya mtama, ambacho mzee alidhani ni muwasho wa matope.

Kisha akaweka vidole vyake 2 nyuma ya kifundo cha ndani, kwenye kibonde kilichopo kati ya mfupa na kano la kisigino, akafumba macho. Mguu wa kushoto: mapigo yapo. Wa kulia: akangoja, akahamisha vidole kidogo, akangoja tena, akatikisa kichwa. Akatafuta juu ya wayo, pembeni mwa kano linalokwenda kidole gumba. Kimya. Alituambia kwamba mshipa huo wa juu ya wayo baadhi ya watu wazima wenye afya hawaupati, kwa hiyo ukikosekana peke yake mtu asitaharuki. Ule wa nyuma ya kifundo ndio shahidi anayeaminika zaidi. Msomaji anaweza kuutafuta wake sasa hivi. Usibonyeze kwa nguvu, kwa sababu ukibonyeza sana unaufunga mshipa, na usitumie kidole gumba, ambacho chenyewe kina mapigo yake na kitakudanganya.

Vidole vinatoa tuhuma tu. Hukumu hutolewa na mashine ya presha, ileile inayofungwa mkononi, ikisaidiwa na kifaa kidogo kinachokaa kiganjani kiitwacho dopla. Kina mama walioenda kliniki ya wajawazito pengine wameshasikia ndugu yake, kile kinachogusishwa tumboni moyo wa mtoto ukasikika kama farasi anayekimbia. Cha mishipa hutumia mawimbi yenye mtetemo wa haraka zaidi, kwa kuwa ateri za mguu ziko karibu na ngozi.

Asili ya kifaa hiki haina uhusiano wowote na hospitali. Christian Doppler alikuwa mwalimu wa hesabu mjini Prague. Mwaka 1842 alitoa hoja kwamba mawimbi hubadilika yanapotoka kwenye kitu kinachosogea, naye alikuwa akifikiria rangi za nyota. Miaka 3 baadaye, Uholanzi, mwanasayansi Buys Ballot aliijaribu hoja hiyo kwa kupakia wapiga tarumbeta kwenye treni, huku wanamuziki wenye masikio mazuri wakisimama kando ya reli kusikiliza: sauti ilipanda treni ilipokaribia, ikashuka ilipopita. Ukisimama pembeni mwa barabara ya Sirari utalisikia jaribio hilo bure, kila basi linapopita likipiga honi. Honi huja ikiwa nyembamba, ikikupita inakuwa nzito, ingawa dereva hajagusa chochote. Chembe za damu nazo hufanya hivyo. Kifaa hutuma mlio usiosikika na binadamu, chembe zinazokimbia huurudisha ukiwa umebadilika, na tofauti hiyo ndiyo tunayoisikia spikani. Katika miaka ya 1950 Mjapani Shigeo Satomura ndiye aliyeonyesha kwamba njia hii huweza kusikiliza mwendo wa damu bila kupasua ngozi.

Kwenye mguu wa kushoto wa baba mkubwa dopla ilisema fyuu-fya, fyuu-fya, kwa mkato, kama mtu anayepepeta. Kwenye wa kulia ilitoa mvumo mmoja mnyonge, fuuu, fuuu, kama upepo unaopita chini ya mlango. Hata mjukuu aliyekuwa mlangoni alitambua tofauti.

Hesabu yake ni ya shule ya msingi. Presha ya juu kwenye mkono ilikuwa 150. Mkanda ukafungwa juu ya kifundo, ukajazwa upepo mpaka sauti ikapotea, ukaachiwa polepole, na namba ambapo sauti ilirudi ikaandikwa: kushoto 156, kulia 87. Gawanya ya mguu kwa ya mkono. Kushoto ni 1.04, na kipimo cha kawaida ni kati ya 1.00 na 1.40. Kulia ni 0.58. Kuanzia 0.90 kushuka chini, ateri imesinyaa. Chini ya 0.40, mguu wenyewe uko hatarini. Njia ya kulinganisha presha ya mguu na ya mkono ilielezwa tangu 1950, na kuipita kwa unyenyekevu wa vifaa ni vigumu.

Ina mtego mmoja ambao lazima usemwe. Kwa mtu aliyeugua kisukari kwa miaka mingi, au mwenye figo mbovu, chokaa kwenye ukuta wa ateri huweza kuufanya mshipa ukatae kubanwa na mkanda. Namba inatoka nzuri, hata kupita 1.40, huku mguu ukikauka. Kwa hao hupimwa presha ya kidole gumba cha mguu, ambacho mishipa yake haigandi kwa urahisi hivyo. Mwenye kisukari aliyeambiwa mguu wake ni mzima kwa namba hiyo peke yake, huku ana kidonda kisichofunga, ana haki ya kuuliza tena.

Kuna jambo jingine. Vitabu vingi vya udaktari huufundisha ugonjwa huu kwa rangi: mguu mweupe, mguu wa buluu. Vimeandikwa kwa kutazama ngozi za Wazungu. Kwa ngozi yetu rangi hizo hufichika, kwa hiyo tazama unyayo na kucha. Mlaze mgonjwa chali, inua miguu yote miwili kama robo ya duara isiyotimia, uishike hapo dakika 1. Unyayo wenye damu haba hupauka kama uliopakwa unga. Mketishe, miguu ining'inie: mguu mzima hurudisha rangi mara moja, mguu mgonjwa huchelewa, kisha hugeuka mwekundu wa kuiva. Jambo hilohilo ndilo linaloeleza tabia ya wagonjwa walio kwenye hatua mbaya zaidi, wale ambao maumivu yamehamia usiku. Hawawezi kulala. Wanautoa mguu nje ya kitanda na kuuning'iniza, au wanalala wameketi kwenye kiti, kwa sababu mteremko unaisaidia damu kushuka. Nyumbani husemwa mzee ametupiwa kitu, hataki kulala kitandani. Hajatupiwa. Anaulisha mguu wake kwa njia pekee aliyoigundua.

Mguu usio na damu ni wa baridi, na milima ya Tarime ina baridi yake. Hapo ndipo wema wa nyumbani unapoumiza. Mzee anasogezewa kigae cha makaa, miguu inakaribishwa jikoni, anakandwa kwa maji ya moto. Ngozi yenye damu haba huungua kwa joto ambalo wewe hulioni kuwa joto, na kama kisukari kimeleta ganzi, mwenyewe hatasema basi. Lengelenge moja la namna hiyo linaweza kuwa mwanzo wa donda ndugu. Mvalishe soksi za sufu, mfunike blanketi, umwache mbali na moto.

Ukubwa wa tatizo hauhitaji kukuzwa. Makadirio yaliyochapishwa 2013 yaliweka idadi ya wenye ugonjwa huu duniani kuwa milioni 202 kwa mwaka 2010, wengi wao wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Karibu zaidi na nyumbani, madaktari wa Bugando, hospitali ya rufaa iliyoko Mwanza ambayo mkoa wetu mzima wa Mara huitegemea, wakiongozwa na Phillipo Chalya, walichapisha mwaka 2012 habari za wagonjwa 162 waliokatwa mkono au mguu hapo. Kisukari kiliongoza, takriban 42 kwa kila 100. Zikafuata ajali, 38. Kisha magonjwa ya mishipa yenyewe, karibu 9. Nikisoma namba hizo najiuliza kuhusu hao wa kisukari na wa mishipa: ni wangapi walikuwa na nguzo yao ya tatu, miaka kabla, na hakuna aliyehesabu? Profesa Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam amelifanya jibu la swali hilo kuwa kazi ya maisha yake. Kupitia mradi wa Hatua kwa Hatua, ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 2000, madaktari na wauguzi kutoka mikoani walifundishwa wakiwa wawiliwawili, daktari na muuguzi wake, kukagua miguu ya wenye kisukari na kutibu vidonda vikiwa bado vidogo. Somo la kwanza lilikuwa lilelile: vua viatu.

Tumbaku lazima itajwe kwa jina katika nchi ya Wakurya, kwa sababu kwetu ni zaidi ya sigara ya dukani. Ni zao. Pande zote mbili za mpaka, Sirari na Isebania, kuna watoto waliosomeshwa kwa majani yaliyokaushwa, na siwezi kumlaumu mzazi aliyelima kilichokuwa na mnunuzi. Lakini hakuna adui wa mishipa ya miguu anayeifikia. Mwaka 1908, New York, daktari Leo Buerger alieleza ugonjwa unaoziba mishipa midogo ya mikono na miguu kwa vijana, na leo inajulikana kwamba karibu wote wanaoupata ni watumiaji wa tumbaku. Wakiacha kabisa, ugonjwa husimama. Wakiendelea, hata kwa sigara chache kwa siku, hupoteza vidole kimoja baada ya kingine. Ugoro hauna moshi, lakini nikotini yake hubana mishipa vilevile. Baba mkubwa alivuta tangu alipotoka jandoni. Kumwachisha kulikuwa kugumu kuliko kumpeleka hospitali, na mara mbili alirudia.

Jambo lililonishangaza zaidi kwenye matibabu ni kwamba dawa ya kwanza ya mguu unaouma ukitembea ni kutembea. Mwaka 1966 madaktari wawili wa Copenhagen, Larsen na Lassen, waligawa wagonjwa makundi mawili. Wengine walifanya mazoezi ya miguu kila siku, wengine walipewa vidonge visivyo na dawa. Waliofanya mazoezi waliongeza umbali wao wazi kabisa. Tafiti nyingi zilizofuata zimelithibitisha hilo, na utaratibu wake sasa unajulikana: tembea mpaka maumivu yawe makali ya kiasi, simama yapoe, tembea tena, dakika 30 kwanza na baadaye hadi 60, angalau siku 3 kwa wiki, kwa wiki 12 au zaidi. Msuli hujifunza kutumia vizuri damu kidogo inayoupata, na vijimshipa vya pembeni hutanuka kuizunguka sehemu iliyoziba, kama wachungaji wanavyofungua njia mpya ya kwenda mtoni ile ya zamani ikifungwa. Anayeumwa usiku, au mwenye kidonda wazi, haanzi na hili. Huyo aende hospitali kwanza.

Pamoja na mazoezi huja vidonge: vya kushusha lehemu, vya presha, vya sukari kwa mwenye nayo, na aspirini ndogo kama daktari ataona inafaa. Wagonjwa wengi huviona havihusiani na mguu, wakaviacha. Ni kosa linaloua. Ateri za mwili ni ukoo mmoja. Aliyesinyaa mguuni mara nyingi amesinyaa pia moyoni na shingoni. Wengi wenye ugonjwa huu hawapotezi mguu kamwe. Wanakufa kwa mshtuko wa moyo au kiharusi, na mguu ulikuwa umewapa taarifa mapema.

Penye kuziba kukubwa kuna njia za kufungua. Zile za upasuaji zina historia ndefu. Jean Kunlin wa Paris, mwaka 1948, alichukua vena ya mgonjwa mwenyewe na kuishona iwe barabara ya mchepuko kupita palipoziba, na vena hiyo hiyo ndiyo bado hutumika. Lakini ninayempenda ni Charles Dotter, daktari wa picha za eksrei wa Portland, Marekani. Tarehe 16 Januari 1964 aliletewa bibi wa miaka 82 ambaye vidole vya mguu vilikuwa vinaoza. Madaktari wa upasuaji walishauri mguu ukatwe. Bibi akakataa. Dotter alipitisha waya mwembamba kwenye ateri ya paja, juu ya waya akateleza neli ya plastiki, na juu ya neli hiyo nyingine nene zaidi, mpaka njia ikatanuka. Mguu ukapata joto, kidonda kikafunga, na bibi akaishi zaidi ya miaka 2 mingine akitembea kwa miguu yake mwenyewe. Wenzake wengi walimbeza Dotter. Aliyemwamini ni Mjerumani Andreas Grüntzig, aliyekuwa Zurich, ambaye usiku jikoni kwake alitengeneza neli zenye puto dogo ubavuni. Mwaka 1974 alianza kuzitumia kwenye miguu ya watu, na miaka 3 baadaye akaingia kwenye moyo.

Neli hizo zipo Tanzania. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa 2015 hapo Muhimbili, ina maabara ya kuzitumia, na tangu 2018 wataalamu kutoka nje wamekuwa wakija Muhimbili kwa zamu kuwafundisha madaktari wa Kitanzania tiba hii ya kupitia kwenye mishipa kwa kuongozwa na picha. Kwa mtu wa Mugumu au Nyamongo bado ni safari. Rufaa hutoka hospitali ya wilaya, hupita Musoma, huvuka hadi Mwanza, na Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000. Ndiyo sababu nasisitiza ya mwanzo, yanayowezekana kwenye zahanati: vidole 2, mkanda wa presha, dopla moja. Vifaa hivyo vikae kwenye kila kituo cha afya cha Tarime na Serengeti, na mkaguzi avihesabu kama anavyohesabu dawa za malaria.

Yote hayo ni ya ugonjwa unaokuja polepole. Upo mwingine wa ghafla, na kwetu una sura mbili ambazo nimeziona kwa macho. Mchungaji ameumwa na kifutu machungani, wenzake wanamfunga mpira wa baiskeli kwenye paja kwa nguvu zao zote ili sumu isipande. Mtoto amevunjika mguu, mganga wa mifupa anaufunga vijiti na kuvikaza, mguu unavimba ndani ya vijiti, na mtoto anaambiwa avumilie. Katika hali zote mbili damu imekatwa na mikono ya watu wanaompenda. Mguu ukiwa baridi ghafla, unyayo umepauka, maumivu hayashikiki, kisha ganzi, kisha vidole havisogei, saa zimeanza kuhesabiwa: misuli huanza kufa ndani ya takriban saa 6. Aliyeumwa na nyoka atulizwe, mguu usisogezwe, apelekwe hospitali bila kufungwa kamba ya kukaza. Vijiti vya mfupa vikaguliwe kila saa kwa kugusa vidole. Vikiwa baridi au vimekufa ganzi, vilegezwe palepale, hata kama mganga amekasirika.

Baba mkubwa hakuhitaji neli. Kidonda cha punje ya mtama kilisafishwa na kufungwa kwa wiki nyingi, akanunuliwa viatu vya kufunika vidole, akameza vidonge vyake akilalamika, akaacha sigara, akarudia, akaacha tena. Kidonda kilipofunga, mjukuu alipewa kazi ya kumtembeza jioni na kuandika kwenye daftari la hesabu: nguzo 3, nguzo 3, nguzo 4. Wiki ya sita iliandikwa 7. Mwezi wa nne mzee alinipigia simu mwenyewe, akihema kidogo, akasema yuko kwenye nguzo ya 11, chini ya mwembe wa jirani, amesimama.

"Kigimbi kimebana, baba?"

"Hapana. Kuna mtu namsalimu."